Toba, subira, mahaba: Maneno ya washairi wa Kisufi yalivyopanda hadi Ufipa

MTU akitaja Sumbawanga mbele ya wakazi wa Dar es Salaam, haupiti muda kabla hajajitokeza wa kufanya mzaha wa uchawi. Linalosingiziwa ni jina lenyewe, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni agizo la Kifipa kwa mgeni: tupa uchawi wako kabla hujaingia. Ajabu ni kwamba tafsiri hiyo, ikichukuliwa kama ilivyo, inausifu mji badala ya kuufedhehesha. Inautaja kuwa mahali ambapo mtu hapokewi mpaka ayaache mabaya yake nje.

Agizo la namna hiyo, kuacha kwanza ndipo kuingia, ndiyo hatua ya mwanzo katika mafundisho ya Masufi, yaani Waislamu walioona kuwa kuitimiza sheria kwa viungo hakutoshi mpaka moyo nao usafishwe. Hatua hiyo huitwa toba. Baada yake huja zuhudi, subira, shukrani, tawakali, mahaba na ridhaa, kwa mpangilio unaotofautiana kidogo kati ya mwalimu mmoja na mwingine.

Msomaji ataona mara moja kuwa orodha hiyo haina mageni mengi. Muuza maharage katika soko la Sumbawanga humwomba mteja awe na subira, na Mkatoliki wa Kaengesa husikia habari za toba na shukrani kanisani. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na Waislamu wake ni wachache. Hata hivyo, istilahi za njia ya Kisufi zimo vinywani mwa wote. Historia ya jinsi zilivyofika huko, na ya kile zilichopoteza njiani, ni sehemu ya historia ya Kiswahili chenyewe.

Mpenzi asiyeonekana

Katika fasihi ya Kisufi, mahaba si pambo la shairi. Ndiyo hoja yenyewe. Masufi hutegemea, pamoja na mengine, aya ya 54 ya Sura ya al-Maida, inayowataja watu ambao Mungu anawapenda nao wanampenda. Walichozingatia ni mpangilio wa maneno hayo: upendo wa Mungu umetajwa kwanza, wa mja ukafuata. Kwa hiyo mja hapendi kwa nguvu zake, anaitikia.

Anayetajwa sana mwanzoni mwa mapokeo haya ni mwanamke, Rabia al-Adawiyya wa Basra, nchini Iraki, ambaye kifo chake huwekwa katika mwaka 801. Mapokeo yanasema aliwahi kuwa mtumwa. Fundisho linalohusishwa naye ni kwamba anayemwabudu Mungu kwa kuogopa moto ni kama mtumwa anayekwepa fimbo, na anayemwabudu kwa kutaka pepo ni kama kibarua anayengoja ujira. Alitaka Mungu apendwe kwa kuwa ni Mungu, basi. Ni fundisho gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu linamnyang'anya mcha Mungu hesabu ya faida na hasara ambayo wahubiri wengi huitegemea hadi leo.

Karne tatu baadaye Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliingiza jambo hilo katika elimu rasmi. Katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini alitenga sehemu nzima kwa mahaba, shauku, utulivu wa kuwa karibu na Mungu, na ridhaa. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa mantiki. Binadamu hupenda uhai wake, humpenda anayemtendea wema na hupenda uzuri. Na kwa kuwa chanzo cha yote matatu ni kimoja, anayependa chochote bila kumpenda aliyekiumba hajafika mwisho wa mapenzi yake.

Washairi walikwenda mbali zaidi ya wanazuoni. Ibn al-Farid wa Cairo, aliyefariki mwaka 1235, aliandika juu ya kilevi ambacho watu walikinywa kabla mzabibu haujaumbwa. Jalal al-Din Rumi, aliyezaliwa mwaka 1207 na kufariki mjini Konya mwaka 1273, aliufungua utenzi wake mkubwa wa Kiajemi kwa kilio cha filimbi ya tete iliyokatwa kutoka katika matete wenzake. Anayezijua kingo za Ziwa Rukwa hahitaji kueleweshwa picha hiyo. Tete likiwa kinamasini halina sauti yoyote ila ya upepo. Linapokatwa na kutobolewa ndipo linapoimba, na linachoimba ni kutaka kurudi.

Lugha hii ilileta matatizo tangu mwanzo. Neno ishq, lililotupa ashiki kwa Kiswahili, halimo katika Kurani, na wanazuoni kadhaa waliona ni neno la joto mno kutumiwa kwa Mungu. Al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, na ingawa siasa za kasri zilikuwa na mkono katika hukumu hiyo, jinsi alivyoueleza muungano wa mja na Mola wake iliwapa washitaki wake silaha. Washairi waliomfuata walijifunza kufumba. Usiku, nywele, chombo cha kinywaji, mpenzi aliyeondoka alfajiri: kila kimoja kikawa na maana ya nje na ya ndani, na msomaji asiye na mwalimu akabaki na ya nje.

Mkristo wa Sumbawanga hana sababu ya kulishangaa hilo. Wimbo Ulio Bora umo katika Biblia yake, na kwa karne nyingi Kanisa limeufasiri kuwa ni mazungumzo ya Mungu na roho au ya Kristo na Kanisa, si ya wapenzi wawili tu.

Pwani yaitikia kwa Kiswahili

Kiswahili kilipokea msamiati huu wote karibu kwa mkupuo: mahaba, huba, ashiki, shauku. Ndiyo maana taarabu na kasida hutumia maneno yaleyale, na msikilizaji anayepita njiani huweza kushindwa kujua kinachoimbwa ni arusi au ibada mpaka alisikie jina la Mtume.

Mshairi wa Kiarabu aliyeathiri zaidi pwani yetu ni al-Busiri wa Misri, mtu wa karne ya 13 aliyekuwa karibu na mashekhe wa tarika ya Shadhiliyya. Mapokeo yanaeleza kuwa alipooza, akamwota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Na shairi linalohusishwa na kisa hicho, Burda, likasomwa kuanzia Afrika Magharibi hadi Indonesia. Shairi lake jingine la kumsifu Mtume, Hamziya, lilitafsiriwa kwa Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarus, na tafsiri hiyo ni miongoni mwa tungo kongwe zaidi za Kiswahili zinazojulikana. Kiswahili chake ni kigumu kiasi kwamba msomaji wa leo hukihitajia maelezo karibu kila mstari.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, ni kazi ya namna nyingine. Hapa hakuna mpenzi anayesifiwa. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea, anauonyesha magofu ya Pate: nyumba za matajiri zilizokuwa na taa na vyombo vya kifahari, sasa zimebaki popo na wadudu. Wapo wanaoisoma kama maombolezo ya mji. Lakini anayekemewa kutoka mwanzo ni moyo, na Pate ni ushahidi tu unaoletwa mahakamani. Hiyo ndiyo zuhudi, kujitenga na tamaa ya dunia, ikifundishwa kwa macho badala ya kwa kanuni.

Barawa, katika Somalia ya leo, ilitoa washairi waliotunga kwa Chimbalazi, lahaja ya Kiswahili ya mji huo. Anayekumbukwa kuliko wote ni mwanamke, Dada Masiti, aliyefariki akiwa na umri mkubwa mwanzoni mwa karne ya 20. Tungo za wenyeji hao zilikuwa na kusudi la wazi: kumpa mafundisho mama wa nyumbani asiyejua Kiarabu, kwa lugha anayoipikia na kulea watoto.

Mtumwa aliyekuwa sheikh

Barawa hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa mwaka 1847. Alikwenda Baghdad, kwenye chimbuko la tarika ya Qadiriyya yenye kumfuata Abd al-Qadir al-Jilani, aliyefariki mwaka 1166, akarudi na idhini ya kufundisha. Katika miaka ya 1880 alifika Unguja, ambako Sultani Barghash alimpokea kwa heshima. Alitunga kwa Kiarabu na kwa lugha za kwao, na mahali pengi alipopita aliacha makhalifa. Aliuawa mwaka 1909 kule Biyoley, Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, aliyekuwa akiipinga Qadiriyya na desturi zake za kuomba kwa kupitia mawalii.

Kwa bara la Tanganyika, hata hivyo, jina linalofaa kusimuliwa kwa urefu ni la Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, mashariki mwa Kongo, akatekwa angali mtoto na kufikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu tajiri. Alisoma, akaachwa huru, akawa mwanazuoni, kisha kiongozi wa Qadiriyya aliyefuatwa na maelfu. Mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani, alifanywa liwali wa mji ule ule aliouingia kwa kamba. Alifariki mwaka 1931, na maulidi ya Bagamoyo yanayofungamana na jina lake yaliendelea chini ya mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya.

Kisa chake kinaeleza kwa nini mashairi haya yalipendwa bara kuliko vitabu vya fikihi. Katika jamii ya pwani ya karne ya 19, heshima ya mtu ilianzia kwenye nasaba: babu yake ni nani, alitoka Hadhramaut au Omani. Mtumwa hakuwa na jibu. Tarika ilimpa nasaba nyingine, silsila, inayomfunga muridi kwa sheikh wake, na sheikh huyo kwa wa kwake, hadi Baghdad na mwisho hadi Madina. Aliyeikariri kasida ya mahaba ya Mtume aliweza kuketi katika duara moja la dhikiri na mwana wa sharifu. Si wote waliofurahi. Kule Lamu, Habib Saleh, mwasisi wa msikiti wa Riyadha, alilaumiwa na wakubwa wa mji kwa kuwafundisha watu wa asili ya utumwa na kwa kuruhusu matari katika maulidi.

Utawala wa Wajerumani nao ulizitazama halaka hizo kwa wasiwasi, hasa baada ya waraka uliodaiwa kutoka Maka kusambaa mwaka 1908 na kuzua taharuki Lindi na kwingineko. Hofu hiyo haikuizuia tarika kwenda bara. Ilifuata njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa hadi Kasongo. Upande wa kusini, Qadiriyya ilifika Nyasaland, Malawi ya leo, ambako mmoja wa waliofanya kazi ya kuieneza alikuwa mwanamke kutoka Unguja, Mtumwa binti Ali bin Yusufu.

Kupanda mlima

Ujiji na Ufipa zinaunganishwa na maji. Mashua, na baadaye meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuanza safari ziwani mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen, zilisafirisha watu na mizigo kwenda kusini hadi Kirando, Kipili na Kasanga. Maulidi na kasida, ambazo hazina uzito na hazilipiwi ushuru, zilisafiri na abiria. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko zaidi ya meta 1,700. Kwa hiyo kila kilichotoka ziwani kilipaswa kupanda, na si kila kitu kilipanda.

Kilichokuwa juu kiliwahi kuimarishwa na wengine. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, White Fathers, waliipokea ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka hapo Ukatoliki ukaenea Ufipa hadi ukawa dini ya wengi. Lakini wamisionari wa Afrika Mashariki walipotafuta Kiswahili cha kufasiria imani yao, kuanzia akina Askofu Edward Steere wa Kanisa la Kianglikana Unguja, walikikuta kimekwisha kufanyiwa kazi na karne kadhaa za washairi wa Kiislamu. Roho, nafsi, toba, rehema, subira, hekima: yote yalichukuliwa. Mfipa aliyebatizwa na mwenzake aliyesilimu Kirando walijikuta wakitubu kwa neno moja.

Wala Ufipa haikuwa nchi tupu ikingoja hekima kutoka pwani. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa na jinsi walivyothamini mazungumzo ya busara. Simulizi kuu inahusu Milansi, makao ya mfalme wa kwanza. Mfalme alikwenda kuwinda, akiwa ameonya kuwa wageni watakuja na wasipewe kiti chake. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, wakakikalia kiti hicho, na nchi ikawa yao. Milansi ikabaki na heshima ya ukuhani. Kwa maelezo ya Willis, Wafipa waliifananisha Milansi na kichwa, makao ya akili na mamlaka, na ukoo wa wageni na kiuno, chanzo cha nguvu na uzazi.

Masufi wangeihoji picha hiyo. Kwao akili ni mshauri tu. Mfalme ni moyo, na kazi yote ya muridi ni kuhakikisha hakikalii kiti hicho yeyote ila mwenyewe. Milansi, mgeni anakitwaa kiti mwenye nyumba akiwa hayupo. Katika ushairi wa mahaba, mwenye nyumba anangoja mlangoni, anaomba avamiwe. Tofauti hii inafaa kuzingatiwa na anayedhani kuwa hekima zote za kale husema jambo moja.

Kinachobishaniwa

Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na Jafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, ndiyo maarufu zaidi nchini. Ni nathari yenye vina inayokatizwa na mashairi. Panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume watu husimama, na mara nyingi marashi hunyunyizwa na udi kufukizwa. Siku ya Maulidi ni sikukuu ya kitaifa.

Hata hivyo, desturi hiyo ina wapinzani ndani ya Uislamu wenyewe. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, na baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyetoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, walikosoa mambo waliyoyaona kuwa ni uzushi. Tangu miaka ya 1980, vijana wa Ansar Sunna wamekwenda mbali zaidi, wakipinga maulidi na dhikiri za matari kwa jumla. Hoja yao si nyepesi: sifa zinapozidi, anayesifiwa huweza kuombwa, na kumwomba asiyekuwa Mungu ni shirki. Watu wa tarika hujibu kuwa kumpenda Mtume si kumwabudu, na kwamba asiyefundishwa kupenda atabaki na sheria isiyo na ladha.

Kwa jamii ndogo ya Waislamu kama ya Ufipa, mabishano hayo si ya vitabuni. Jamaa wakigawanyika juu ya maulidi, wanagawanyika pia katika arusi na maziko, na hakuna msikiti wa kumtosha kila mmoja.

Upande wa pili, wanaotetea mashairi haya wana udhaifu wao: mengi husomwa bila kueleweka. Barzanji na Burda husomwa kwa Kiarabu, hati za zamani za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo vijana wengi hawazitumii tena kwa Kiswahili, na kanda, kisha simu, zimerahisisha kujifunza kwa sikio pekee. Mahaba nayo yamefinywa mpaka yakabaki ya chumbani na ya nyimbo za redio. Mtoto wa Kirando anaweza kukariri ukurasa mzima bila kukosea irabu na asijue umesema nini, isipokuwa pale maneno kama shawq na mahabba yanapopita, akayatambua kwa kuwa nyumbani nako huyasikia, shauku na mahaba.